Mume wangu anapata asilimia 29, mimi napata 74: fomu ya msaada wa kodi ya nyumba tuijaze vipi?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watano, mtu wa Fizi, Kongo. Huu ni mwaka wetu wa sita hapa Kentucky. Tulitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na mama yangu mzazi bado yuko kulekule. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja iliyokaa juu ya friji yetu wiki mbili sasa. Imetugombanisha mimi na mume wangu kuliko kitu chochote tangu tufike Marekani.

Mwenye nyumba ameleta barua. Mkataba unaisha Julai 31, na kuanzia Agosti 1 kodi inatoka dola 1,450 kwenda 1,650. Nyumba ni ya vyumba vitatu. Umeme tunajilipia, kama dola 170 kwa mwezi nikichanganya miezi ya baridi na ya joto, na maji dola 68. Dada mmoja wa kanisani akanielekeza kwenye ofisi inayosaidia watu kodi ya nyumba, akaniambia pia kwamba orodha ya vocha za Section 8 (msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya kodi ya nyumba) imefunguliwa mwezi huu. Nikaenda, nikapewa fomu.

Fomu inauliza kipato cha nyumba nzima kwa mwezi, gharama za makazi kwa mwezi, kisha ni asilimia ngapi ya kipato inakwenda kwenye makazi. Kuna visanduku vitatu: chini ya 30, kati ya 30 na 50, zaidi ya 50. Binti yetu Neema, ana miaka 17, ndiye aliyetusomea.

Mume wangu anafanya kazi ghalani usiku, dola 17.50 kwa saa, saa 40 kwa wiki, analipwa kila baada ya wiki mbili. Alichukua karatasi ya cheki ya Desemba, ile yenye ovataimu, juu imeandikwa 1,925. Akazidisha mara mbili, akaongeza 260 zangu za wiki mara nne, halafu akatafuta kodi ya 1,450 ni sehemu gani ya hapo. Akapata 29 na kitu. Akasema: "Unaona? Hata 30 hatufiki. Tutaenda kuomba kwa uso gani?"

Mimi nasafisha vyumba vya hoteli, dola 13 kwa saa, wiki nyingine saa 16, nyingine 24. Nilihesabu pesa ninayoiona kwa macho: cheki mbili za mume wangu zinaingia 1,120 kila moja, zangu 228 mara nne. Jumla 3,152. Nikaandika kodi mpya, umeme, maji, intaneti 70, simu zetu 160, bima ya gari 210. Ikaja 2,328. Neema akagawanya kwenye simu: asilimia 74. Na hapo sijaweka dola 150 ninazomtumia mama Nyarugusu, wala deni la tiketi za ndege ambalo bado tunalipa, wala dola 60 za kila wiki za yule mama anayemshika mtoto wetu wa miaka minne nikiwa kazini.

Jirani akasema tusijisumbue: tumtoe baba watoto kwenye fomu, tuseme anakaa Ohio, tutapita 50 na tutatangulizwa. Mume wangu alikasirika sana. Mimi, sikufichi, nililala nikiwaza.

Neema mwenyewe anafanya kazi Jumamosi na Jumapili kwenye duka la baga. Hela yake nayo inaingia? Na huyo binti, ambaye ndiye atatutafsiria siku ya mahojiano, amesikia ugomvi wote. Dada, nani kati yetu yuko sahihi?

Mama Neema, Kentucky

*

Marahaba, mama Neema.

Namba yenu ni 44. Baba Neema ameikosa kwa 15, wewe umeikosa kwa 30, na ninyi wawili mmehesabu kwa moyo safi. Nimekaa miaka mingi kwenye meza za ofisi kama hizo nikiwa mkalimani, na nimeona watu walioendesha duka la vitenge kambini bila kukosea hata senti wakikwama kwenye kisanduku hikihiki. Hesabu yake ni ya darasa la tano. Kinachowatega watu ni maneno: "kipato" ni nini, "makazi" ni nini, na "mwezi" ni nini.

Wizara ya Nyumba ya Marekani, HUD, inahesabu kwamba familia imelemewa na gharama za makazi pale zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake inapokwenda kwenye nyumba. Ikipita 50, imelemewa vibaya. Kipato kinachosemwa hapo ni mshahara kabla ya makato yoyote. Gharama za makazi ni kodi ya nyumba pamoja na huduma mnazojilipia ili nyumba ikalike: umeme, maji, gesi kama ipo. Kwa hiyo ulipoandika 1,120 badala ya 1,400 ulikuwa umeshaondoka kwenye njia, na baba Neema alipoandika 1,450 peke yake bila umeme wala maji, naye alikuwa ameondoka kwa upande wake.

Tuanze na mwezi, kwa sababu hapo mmeteleza wote wawili. Mwezi hauna wiki nne. Ungekuwa nazo, mwaka ungekuwa na wiki 48, na mwaka una 52. Anayelipwa kila baada ya wiki mbili anapata cheki 26 kwa mwaka, si 24. Mtazame baba Neema: kila mwaka kuna miezi miwili anapata cheki tatu, na najua miezi hiyo ndiyo mnayonunulia watoto viatu. Ofisi inazijua cheki hizo mbili za ziada. Kwa hiyo unazidisha malipo ya wiki kwa 52, au ya wiki mbili kwa 26, ndipo unagawanya kwa 12.

Baba Neema: 17.50 kwa saa 40 ni 700 kwa wiki, 1,400 kwa cheki. Mara 26 ni dola 36,400 kwa mwaka. Ovataimu ya Desemba haiwezi kuzidishwa kana kwamba Desemba ni mwaka mzima, lakini pia haiwezi kufichwa. Tuseme ghala huwapa saa 10 za ziada kwa wiki, kwa wiki sita za msimu wa sikukuu. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 inataka saa zinazopita 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu, ndiyo maana saa yake ya ziada ni 26.25. Saa 60 hapo ni dola 1,575 kwa mwaka. Kama wiki hazikuwa sita, weka zilizokuwepo.

Wewe: saa zako zinapanda na kushuka, kwa hiyo usichague wiki nzuri wala wiki mbaya. Chukua karatasi za malipo za wiki nane mfululizo, jumlisha zile namba za kabla ya makato, gawanya kwa nane. Umeandika 16 hadi 24, nami nachukua 20, ambayo ndiyo 260 aliyotumia mume wako. Mara 52 ni 13,520. Kuna njia ya kujihakiki ambayo watu wengi hawaijui: karatasi ya malipo huwa na safu inayoonyesha jumla tangu Januari. Gawanya jumla hiyo kwa idadi ya wiki zilizopita. Ikiwa mbali na wastani wako, tafuta sababu kabla ofisi haijaitafuta.

Jumla ya nyumba: 36,400, na 1,575, na 13,520. Ni 51,495 kwa mwaka, yaani dola 4,291 kwa mwezi. Gharama za makazi kuanzia Agosti: 1,650 na 170 na 68, jumla 1,888. Gawanya 1,888 kwa 4,291 utapata 0.44. Kwa kodi ya sasa, kabla ya Agosti, ni 39. Namba zote mbili zinaingia kwenye kisanduku cha katikati. Baba Neema asione aibu: mmepita 30 tangu zamani, hata kabla ya barua ya mwenye nyumba.

Hela ya Neema iache nje kwa sasa. Katika mipango inayofuata kanuni za HUD, mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 hauhesabiwi. Hata hivyo mtaje kwenye fomu kama mtu wa nyumba, na wakiuliza kama anafanya kazi, sema ndiyo. Akifika 18, ripoti. Akiwa bado mwanafunzi wa muda wote, sehemu ndogo tu ya mshahara wake ndiyo itakayohesabiwa, kwa hiyo msimwachishe kazi kwa hofu. Fudi stempu, ule msaada wa serikali wa chakula, nazo haziingii kwenye kipato, wala pesa ya marejesho ya kodi ya serikali mnayopata mwanzoni mwa mwaka.

Sasa zile namba zako nyingine: intaneti, simu, bima ya gari, deni la ndege, mama yako. Hakuna hata moja inayoingia. Najua linavyouma, hasa la mwisho. Tiketi zilizotuleta ni mkopo ambao hatukuwa na namna ya kuukataa, na dola 150 za mama si anasa. Ule mkopo hauna riba, lakini cheki inaukumbuka kila mwezi, na kipimo cha HUD hakiuoni. Chukua pesa inayoingia mkononi mwenu kweli, kwa cheki 26 zake na 52 zako: ni kama dola 3,415 kwa mwezi. Kodi mpya na umeme na maji vitakula asilimia 55 ya hiyo. Kwa hiyo ulipolala ukihisi kwamba zaidi ya nusu ya jasho lenu linakwenda kwenye nyumba, ulikuwa unahisi kitu cha kweli. Fomu haiulizi hicho. Inauliza kipimo kimoja kwa watu wote, kwa sababu mmoja anakatwa bima ya afya kubwa, mwingine ndogo, mwingine anaweka akiba ya uzeeni, na ofisi ikianza kufuata makato ya kila mtu haitaweza kulinganisha familia mbili.

Nina neno langu kuhusu hiyo 30. Haikushuka na Musa mlimani. Mwaka 1969 Seneta Edward Brooke wa Massachusetts alisimamia sheria iliyowawekea wapangaji wa nyumba za umma ukomo wa asilimia 25 ya kipato chao. Mwaka 1981 Bunge likaupandisha hadi 30, na tangu hapo namba hiyo imegeuka kipimo cha nchi nzima. Kasoro yake naiona kila siku kwa watu wetu: haihesabu vichwa. Mtu mmoja anayebaki na dola 2,400 baada ya kulipa nyumba, na familia ya watu saba inayobaki na hizohizo, kwenye kipimo hiki ni sawa. Si sawa, na yeyote anayepika sufuria ya watu saba anajua. Mahali vichwa vinapohesabiwa ni kwenye kikomo cha kipato cha kuingia kwenye mpango. HUD hupanga kikomo kwa kila eneo kila mwaka kwa familia ya watu wanne, kisha hukipandisha kwa asilimia 8 kwa kila mtu anayezidi. Ninyi mko saba, kwa hiyo kikomo chenu ni asilimia 124 ya kile cha watu wanne. Waandike watoto wote watano. Nimewahi kuona baba aliyemwacha mtoto mchanga nje ya fomu kwa sababu hakuwa bado na namba ya utambulisho ya Social Security, na familia ikapimwa kama watu wachache kuliko ilivyo.

Jirani yako. Najua anakotoa wazo lake, na si kwamba amelitunga. Zamani serikali kuu ilizitaka mamlaka za nyumba ziwatangulize watu wanaolipa zaidi ya nusu ya kipato chao. Sheria ya 1998 iliifuta amri hiyo, ikaziachia mamlaka za mahali zijipangie nani atangulie, na baadhi bado zinatumia kipimo cha nusu. Kwa hiyo uliza ofisini: mnawatanguliza akina nani? Wengine hutanguliza wafanyakazi, wengine wazee, wengine waliokosa makao kabisa. Huenda mkawa na nafasi kwa mlango mwingine, bila kuigusa 44 yenu.

Lakini kumtoa baba Neema, hapana. HUD ina mfumo wa kompyuta unaolinganisha wanaopata msaada na taarifa za mishahara zinazoletwa na waajiri, na mkataba wenu wa nyumba una sahihi yake. Wakikamata, mtadaiwa msaada wote mliopokea, vocha itaondoka, na mnaweza kupelekwa mahakamani. Zaidi ya hayo, ninyi bado mna njia ya uraia mbele yenu, na siku ya usaili wa uraia mtaulizwa kama mmewahi kuidanganya serikali ili mpate msaada. Usiku ule uliolala ukiwaza, ulikuwa unawaza kama mama anayetafuta pa kulaza watoto, nami sikulaumu. Mwambie mume wako alikuwa na haki kukasirika. Mwambie pia kwamba hukuandika uongo huo.

Kuhusu vocha yenyewe, kuna hesabu nyingine, na ndiyo watu huichanganya na hii ya kwanza. Ile 44 inaonyesha mmelemewa kiasi gani leo. Hesabu ya vocha inaonyesha mtalipa kiasi gani mkishaipata, na humo makato yanaruhusiwa. Wanachukua 51,495 zenu, wanaondoa kiasi fulani kwa kila mtoto. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 480 kwa mwaka, na sasa kinarekebishwa kufuata bei, kwa hiyo uliza cha mwaka huu. Kwa watoto watano, tuseme 2,400. Halafu wanaondoa gharama za kulea mtoto zinazokuwezesha kwenda kazini. Hapo ndipo dola 60 zako za wiki zinapoonekana: 3,120 kwa mwaka. Inabaki 45,975, yaani 3,831 kwa mwezi, na asilimia 30 yake ni kama dola 1,149. Hilo lingekuwa fungu lenu la kodi na umeme na maji, badala ya 1,888, mradi nyumba haipiti kiwango ambacho mamlaka ya mahali imeweka kwa vyumba vyenu. Ikipita kiwango, ziada ni yenu, na wakati wa kuingia fungu lenu haliruhusiwi kuzidi asilimia 40 ya kipato hicho kilichopunguzwa.

Yule mama anayekushikia mtoto, unamlipa taslimu? Mwombe akuandikie barua yenye jina lake, siku anazomshika mtoto, na kiasi anachopokea, atie sahihi. Au anza leo kumlipa kwa njia inayoacha alama. Gharama isiyo na karatasi hawataiondoa, na hiyo peke yake ni tofauti ya dola 78 kila mwezi kwenye fungu lenu.

Sitaki uondoke hapa ukidhani vocha ni ya mwezi ujao. Katika Marekani nzima, ni kama familia moja kati ya nne zinazostahili ndiyo inayopata msaada wa kodi wa serikali kuu, na angalau robo tatu ya vocha mpya lazima ziende kwa wenye kipato cha chini kabisa, chini kuliko chenu. Jaza, ingia kwenye orodha, weka nakala yenye tarehe, na mkihama au kubadili namba ya simu wapelekee taarifa, kwa sababu watu wengi hufutwa kwa barua iliyorudi posta. Mtu akitaka hela ili akuingize kwenye orodha, mkimbie. Kuomba ni bure.

Na zile fedha kubwa za msaada wa kodi ya nyumba za wakati wa Korona, zaidi ya dola bilioni 46 zilizopitishwa Desemba 2020 na Machi 2021, ambazo bado watu wananiuliza? Zimekwisha. Misaada ya dharura iliyobaki ni ya mji kwa mji, kanisa kwa kanisa. Piga 211 uulize iliyoko kwenu, na uulize pia LIHEAP, ule mpango wa bili za umeme na joto.

Kitu kinachoweza kuleta hela upesi kuliko vyote umekisahau: fudi stempu, kama mnazipata. Ofisi ya fudi stempu inahesabu kodi ya nyumba kwa namna yake. Ikiwa gharama za nyumba zinapita nusu ya kipato kilichobaki baada ya makato yao mengine, ile ziada inapunguzwa kwenye kipato, na kila dola 10 zinazopungua kwenye kipato zinaongeza kama dola 3 za chakula. Nimepitisha namba zenu. Kodi ikipanda dola 200 na mkawa hamjafika kwenye kikomo chao cha makato ya nyumba, ni kama dola 60 zaidi za chakula kila mwezi. Hawatajua kodi imepanda msipowaambia. Pelekeni mkataba mpya wiki ileile mtakapoutia sahihi, na barua ya mama wa mtoto pamoja nao.

Na kabla ya kutia sahihi, zungumzeni na mwenye nyumba. Kentucky haina sheria inayomzuia kupandisha, kwa hiyo hamna cha kumshtaki, lakini mpangaji anayelipa tarehe moja ni mali. Mwombeni 1,550 kwa mkataba wa miaka miwili. Akikataa, hamjapoteza kitu.

Karatasi za kubeba: za malipo za wiki nane zenu wote wawili, barua ya kupandisha kodi, mkataba, bili za umeme na maji za miezi 12 (kampuni ya umeme itakutolea historia ukiwapigia), na barua kutoka ghalani inayosema ovataimu ni ya msimu, kuanzia lini hadi lini. Hiyo ya mwisho baba Neema aiombe kesho, kwa sababu ofisi za waajiri huchelewa, na bila hiyo karani anaweza kuichukua ile 1,925 kama kawaida yake, kama yeye mwenyewe alivyofanya. Kama mwishoni mwa fomu kuna nafasi ya maelezo, andika kwa ufupi habari ya mkopo wa ndege na ya mama yako. Haitabadilisha 44, lakini karani ni mtu.

Umeuliza kuhusu Neema. Piga simu ofisini siku tatu au nne kabla, sema "Swahili interpreter, please", na uulize kama watakuwa naye siku ya mahojiano au watatumia wa kwenye simu. Wakisema hawana, mwombe yule dada wa kanisani, au kesiwoka wenu wa zamani, yule mhudumu wa wakimbizi, kama bado mnaongea. Mtoto wa miaka 17 asikae katikati ya wazazi wake na karani akitafsiri mshahara wa baba yake na deni la mama yake. Siku hiyo Neema aende shule.